Kavimvira: Aliyeinua gari asisahau kriki

Katika foleni ya magari pale Kavimvira, kwenye mpaka wa Kongo na Burundi, pikapu zilizoinuliwa hujitambulisha kwa mbali. Ni Hilux au Land Cruiser iliyowekewa resori ndefu na matairi makubwa kuliko yale iliyotoka nayo kiwandani. Wenye magari hayo hawafanyi hivyo kwa mapambo. Barabara ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange hadi Uvira, kisha kuelekea Makobola na Baraka, ina vipande virefu ambavyo mvua ikinyesha hugeuka tope. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu wengi mjini Uvira. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia kwenye mitaa ya pwani, Kavimvira ikiwemo. Katika njia kama hizo, gari la chini halifiki mbali.

Lakini gari likishainuliwa, kuna kifaa kimoja kinachobaki kilivyokuwa: kriki, au jeki kama wanavyoiita majirani wa Tanzania. Inalala nyuma ya kiti hadi siku tairi litakapopasuka. Hapo kijana msaidizi wa shofere anagundua kuwa haifiki. Anatafuta jiwe, anaweka kipande cha ubao juu ya jiwe, anaweka kriki juu ya ubao, kisha anaingia chini ya gari lenye mizigo. Jiwe likiteleza, hakuna anayewahi kumvuta.

Ajali ya namna hiyo si bahati mbaya tu. Mwenye gari aliyetoa dola zake kuliinua gari ana wajibu wa kununua kriki inayolifaa. Na kuichagua hakuhitaji kisomo kikubwa, bali kupima kabla ya kununua.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani kwamba gari refu linahitaji kriki ndefu kuliko zote. Resori ndefu huinua shasi na bodi, ekseli haziiinui. Kinachoinua ekseli ni ukubwa wa tairi. Kwa hiyo anayeweka kriki chini ya ekseli, karibu na gurudumu lenye tatizo, ana safari fupi ya kwenda juu. Anayeiweka chini ya shasi atapiga mkono muda mrefu, kwa sababu bodi itapanda huku gurudumu likiendelea kuning'inia chini, na kadiri resori zilivyo ndefu ndivyo gurudumu linavyochelewa kuacha ardhi. Wakati huo wote gari zima linayumba juu ya chuma kimoja. Hilux za miaka ya karibuni hazina ekseli nzima mbele, kwa hiyo mwenye gari anapaswa kumwuliza fundi anayeaminika mahali panapofaa kuwekwa kriki upande huo, na kupatia alama ya rangi.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kriki huingia wakati tairi halina upepo. Tairi la 265/70 R16, linalofungwa kwenye pikapu nyingi, lina urefu wa karibu sentimita 78, na katikati yake iko karibu sentimita 39 kutoka ardhini. Likiishiwa upepo kabisa, rimu inakaribia kugusa ardhi na katikati inashuka hadi kama sentimita 25. Ukitoa unene wa ekseli, nafasi inayobaki ni kama sentimita 20, na ndani ya tope ni ndogo zaidi. Kriki nyingi za chupa zenye nguvu kubwa haziingii hapo hata zikiwa zimefungwa.

Sasa mwenye gari akiweka tairi la 285/75 kwenye rimu ile ile ya inchi 16, urefu unafika karibu sentimita 83. Tairi hilo likiisha upepo, ekseli inashuka karibu mahali pale pale pa zamani, kwa kuwa rimu haikubadilika. Ila ili tairi la akiba lenye upepo liingie, ekseli lazima ipande zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana kriki ya kiwandani inashindwa: mwanzo wa safari ni ule ule, mwisho umesogea juu. Kinachotafutwa dukani, basi, ni kriki inayoingia chini na kutoka juu. Kriki za chupa za hatua mbili, ambazo pistoni moja hutokea ndani ya nyingine, zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Kosa la tatu ni kununua tani badala ya kununua kimo. Wauzaji wa piesi hupenda kuonyesha namba iliyochorwa ubavuni, tani 10 au 20, na mnunuzi huona kubwa ndiyo salama. Pikapu iliyobeba mizigo haiweki uzito wake wote kwenye gurudumu moja. Hata ekseli ya nyuma ikibeba tani 2, kila upande unachukua karibu tani 1. Kriki nzuri ya tani 4 hadi 6 inatosha, na inaacha akiba kwa magari ya huku ambayo mara nyingi hupakia kupita kiasi. Ya tani 20 ni nzito kubeba, na mara nyingi ni ndefu mno kuingia chini ya tairi lililolala.

Wapo wanaovutiwa na kriki ndefu ya reli, ile yenye matundu na mkono mrefu, inayoonekana imefungwa nje ya magari ya mashirika na ya watalii. Ina sifa zake: inainua juu sana na inaweza kusaidia kuvuta gari kutoka kwenye tope. Lakini inahitaji bampa ya chuma au bomba imara la ubavuni, kwani bampa za plastiki huvunjika. Kitako chake ni chembamba, tope likiingia kwenye pini zake inakwama, na wakati wa kushusha mkono wake unaweza kuruka na kuvunja taya la aliyeushika. Asiyefundishwa kuitumia asiichukue kwa ajili ya kubadilisha tairi. Ile ya mkasi inayotoka na magari madogo nayo haifai hapa, maana miguu yake hujikunja uzito ukiegemea pembeni.

Hata kriki bora haifanyi kazi bila ardhi imara. Kwenye mchanga wa pwani au udongo wa bonde la Ruzizi, inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Dawa yake ni ubao wa mti mgumu, upana wa sentimita 40 kwa 40 na unene wa sentimita 4 au 5, ambao seremala yeyote wa Uvira anaweza kuukata. Pamoja na ubao huo, gari liwe na kigogo au stendi ya chuma ya kuegemezea shasi, kwa sababu kriki ya mafuta ikipasuka mpira wa ndani hushuka bila kutoa taarifa. Pasipo stendi, tairi lililotolewa lilazwe chini ya shasi. Likidondoka gari, litaangukia tairi na si mtu. Abiria washuke wote, gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa jiwe mbele na nyuma, na nati zilegezwe kabla ya kuinua.

Wenye magari watajibu kwamba haya ni gharama, na kwamba shofere mzuri huazima kriki kwa mwenzake. Jibu hilo linafaa mchana, mjini, karibu na soko la Mulongwe. Halifai saa 12 jioni kati ya Sange na Luvungi, katika bonde ambalo madereva wameshambuliwa mara nyingi na watu wenye silaha. Huko, nusu saa ya kutafuta mawe ni nusu saa ya hatari kwa kila aliyemo. Na yule anayelala chini ya gari si mwenye gari. Mara nyingi ni kijana asiye na mkataba, na akiumia, familia yake ndiyo inayobeba gharama ya hospitali.

Kwa hiyo jukumu hili lisiachwe mikononi mwa shofere. Vyama vya madereva vinaweza kuweka sharti rahisi kwenye vituo: pikapu iliyoinuliwa isipakie abiria bila kriki inayoifikia, ubao na stendi. Ukaguzi wake ni wa dakika chache, na hauhitaji karatasi wala muhuri.

Mwenye gari naye asisubiri sharti. Kabla hajaenda dukani, alisimamishe gari mahali tambarare, atoe upepo wote katika tairi moja la nyuma, apime kutoka ardhini hadi chini ya ekseli. Kisha alijaze tena, apime mara ya pili, aongeze sentimita 5. Namba hizo mbili aziandike, aende nazo kwa muuzaji, na akatae kriki yoyote isiyoanzia chini ya ile ya kwanza na kufika ile ya pili.