Aliye juu atashukaje? Kitabu cha mwongozo kabla ya kupanda miamba Norwei

Binti ana miaka 14. Kwa miaka miwili amekuwa akipanda ukuta wa mazoezi kwenye ukumbi wa michezo mjini Bergen, Norwei, na sasa ukuta haumtoshi tena. Anataka mwamba wa kweli, nje, juu ya maji. Likizo ya majira ya joto imekaribia, baba amepata siku kumi za mapumziko, na kwenye meza ya jikoni kuna vitabu viwili vya mwongozo vilivyoazimwa maktaba.

"Mama, hiki kina picha nzuri," anasema binti.

"Picha nimeziona, mwanangu. Mimi natafuta ukurasa unaosema mtashukaje."

Familia hii ni ya mfano tu, lakini mazungumzo kama haya si mageni kwa Waswahili wanaolea watoto Norwei. Huko kupanda ukuta ni mchezo wa kawaida wa vijana, na mtoto huweza kumzidi mzazi ujuzi kabla mzazi hajagusa kamba. Ndiyo maana uchaguzi wa kitabu usiachwe kwa mtoto peke yake. Mzazi asiyejua kupanda bado anaweza kuuliza maswali yanayookoa maisha.

Kwa nini kitabu, wakati simu ipo?

Fyodi ni mikono mirefu ya bahari iliyochimbwa na barafu za kale katikati ya milima. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote nchini humo, ina zaidi ya kilomita 200. Kuta za mawe huanzia karibu na maji na kupanda juu moja kwa moja. Kijiji kinachoonekana ng'ambo, kana kwamba mtu angeweza kukiita, huenda kwa barabara na kivuko kikawa mbali sana. Milima hiyohiyo huweza kuziba mawasiliano ya simu, na betri huisha haraka kwenye baridi.

Kwa hiyo simu ni msaidizi mzuri, lakini kitabu cha karatasi ndicho kinachobaki kusomeka mkobani wakati skrini imezima.

Kwanza, kilichapishwa lini?

Mwamba nao hubadilika. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya mawe iliporomoka kwenye Trollveggen, ukuta wa zaidi ya mita 1,000 huko Romsdal, na baadhi ya njia zilizokuwa zikipandwa ziliharibika. Kitabu cha kabla ya hapo kilibaki na michoro ya mahali ambapo hapako tena kama palivyokuwa.

Vitabu vyenyewe pia hupitwa. Kwa visiwa vya Lofoten, kaskazini, Ed Webster alitoa mwongozo wake mwaka 1994. Mwaka 2017 wasomaji walipata Lofoten Climbs wa Chris Craggs na Thorbjørn Enevold. Kitabu cha zamani kina thamani ya historia, lakini cha safari na mtoto kiwe toleo jipya linalopatikana. Hata hilo jipya, mzazi aulize chama cha wapandaji cha eneo husika kama kuna njia iliyofungwa, kwa mfano wakati ndege wanapotaga na kulea makinda kwenye majabali.

Pili, namba sita ya nani?

"Baba, mimi napanda namba saba ukumbini," anasema binti.

"Saba ya nani?" anauliza baba.

Swali linachekesha, lakini ndilo lenyewe. Norwei ina madaraja yake ya ugumu, Ufaransa ina yake, na Uingereza ina ya herufi. Namba 7 ya Kifaransa ni ngumu kuliko namba 7 ya Kinorwe. Mtoto aliyezoea moja akifungua kitabu kinachotumia nyingine, anaweza kujikuta katikati ya ukuta usio wa kiwango chake. Kitabu kizuri huweka jedwali la kulinganisha madaraja kwenye kurasa za mwanzo.

Tena namba ya ukumbini si namba ya mwambani. Ukumbini vishikio vina rangi, sakafu ni laini, na vyuma vya kupitishia kamba vimeshafungwa. Nje, njia nyingi za Norwei hazina vyuma hivyo. Anayetangulia hubeba vifaa vyake na kuvichomeka kwenye nyufa za mwamba mwenyewe. Huo ni ujuzi mwingine kabisa. Kadi ya brattkort ambayo vijana hupewa baada ya kufuzu kushika kamba ukumbini haimaanishi kwamba wameufuzu.

Kwa hiyo mzazi atazame kama kitabu kinaonyesha wazi, kwa alama au kwa maneno, njia ipi ina vyuma na ipi haina. Kama alama hizo hazieleweki kwa mtu anayekishika kwa mara ya kwanza, kitabu hicho si cha familia hiyo.

Tatu, urefu wa njia na urefu wa kamba

Hapa pana hesabu ndogo ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya. Mpandaji akifika juu ya njia na kuteremshwa na mwenzake aliye chini, kamba hupanda na kurudi, yaani hutumika mara mbili. Kamba ya mita 60 inatosha kumteremsha mtu kutoka mita 30 tu, si zaidi.

Njia ikiwa na mita 35, ncha ya kamba itapita mikononi mwa anayeishika kabla mtoto hajagusa ardhi, na mtoto ataanguka. Kinga yake ni mbili: kusoma urefu wa njia kitabuni kabla ya kuanza, na kufunga fundo kwenye ncha ya kamba iliyo chini, kila mara, hata pale inapoonekana hakuna haja. Kitabu kisichotaja urefu wa njia kirudishwe kabatini.

Nne, kushuka

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mwambani, anayemngoja aliye juu anahitaji kujua atapitia wapi. Kupanda hufanyika mtu akiwa na nguvu na hamu, ilhali kushuka hufanyika amechoka, ana njaa, pengine mvua imeanza. Kitabu kinachofaa hueleza kushuka kwa uangalifu uleule kinaoueleza kupanda: kama kuna njia ya miguu nyuma ya mlima, kama ni lazima kuteremka kwa kamba, na ni mara ngapi.

Kitazamwe pia muda wa kutembea kutoka barabarani hadi kwenye mwamba. Muda unaoandikwa humo kwa kawaida ni wa watu wazima waliozoea. Mwenye watoto auongeze, kisha ajiulize kama mtoto atabaki na nguvu za kurudi.

Mwili wa mtoto haumo kitabuni

Kuna mambo ambayo mwandishi wa mwongozo hatayaandika, na mzazi lazima ayabebe kichwani.

La kwanza ni baridi. Pwani ya magharibi ya Norwei ni ya mvua, na Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo, na akiwa amening'inia au amekaa akishika kamba hatembei ili apate joto. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hatari inayohitaji tiba. Kabla ya kufika huko mtoto hutetemeka, vidole hushindwa kufunga fundo, na msemaji huwa kimya ghafla. Avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, akingwe upepo, apewe kitu kitamu kama hajapoteza fahamu na anameza vizuri. Safari ya siku hiyo iishie hapo. Fulana ya pamba ikilowa haimsaidii, afadhali ya sufu.

La pili ni kichwa. Helmeti ya kupandia miamba imetengenezwa kuhimili jiwe linalotoka juu, kwa hiyo ya baiskeli haichukui nafasi yake. Na anayesimama chini naye aivae, kwa sababu mawe humfuata yeye.

La tatu ni usingizi. Kaskazini, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, jua la Lofoten halizami. Saa tano usiku mtoto anaona mchana na kuomba njia moja zaidi. Mwili wake umechoka hata kama macho hayakubali. Saa ya mkononi ndiyo iamue, si jua.

Asomaye ni nani?

Mwisho, kitabu kiwe katika lugha ambayo yule anayebaki chini anaisoma. Mara nyingi huyo ni mama au baba asiyepanda, na ndiye atakayepiga simu. Namba ya gari la wagonjwa Norwei ni 113, na programu ya Hjelp 113 humsaidia mpigaji kuwapa wahudumu mahali alipo. Lakini pasipo intaneti, mwenye kitabu chenye ramani na jina sahihi la mwamba ataweza kueleza.

Na kama hakuna mtu mzima katika familia aliyefundishwa kupanda nje, hakuna kitabu kitakachojaza pengo hilo. Fedha zitumike kwanza kwa kozi au kwa mwongozaji aliyesomea kazi hiyo, kisha ndipo kitabu kinunuliwe.

Mezani jikoni, kitabu chenye picha nzuri kimewekwa kando. Kilichobaki kina jedwali la madaraja, urefu wa kila njia na aya ndefu za kushuka. Baba ametafuta mwongozaji wa siku mbili za mwanzo. Binti amechagua njia tatu, zote rahisi kuliko anazozipanda ukumbini, na mama ameandika 113 kwenye karatasi na kuibandika ndani ya jalada la helmeti yake.

Wanorwe wana kanuni tisa za usalama milimani ambazo hata watoto wa shule huzijua. Ya nane inasema mtu ageuke mapema, kwani kurudi si aibu. Mama ameiandika hiyo pia, chini ya namba ya simu.