Madai Sita Dhidi ya Stephen King Yasiyosimama

Wapenzi wa riwaya za kutisha wakikutana, hawachelewi kumfikia Stephen King. Mmoja atatetea The Stand, mwingine It, wa tatu ataapa kwamba hakuna kinachoifikia Pet Sematary, na ubishi wao unanoga kwa sababu wote wamesoma. Kinachoumiza ni hukumu za wasiosoma. Tangu Carrie ilipochapishwa mwaka 1974, hukumu hizo zimerudiwa mpaka zinapokelewa kama ukweli. Nayajibu hapa madai sita kati ya hayo. Imani yangu ni kwamba King ni mwandishi wa watu kwanza, wa vitisho baadaye.

1. "Anaandika majini na damu tu."

Tuanze na vitabu visivyo na jini hata mmoja. Katika Misery (1987), mwandishi aliyevunjika miguu kwenye ajali ya gari anafungiwa chumbani na nesi anayempenda kupindukia, naye anamlazimisha amfufue mhusika aliyemuua kitabuni. Katika Cujo (1981), mama na mwanawe wamekwama juani ndani ya gari bovu, na nje anawavizia mbwa aliyeshikwa na kichaa. Different Seasons (1982) ina hadithi ndefu nne. Mojawapo ilizaa filamu ya The Shawshank Redemption, na nyingine ilizaa Stand by Me, kisa cha watoto wanne wanaokwenda kutazama maiti ya mtoto mwenzao.

Hata pale penye miujiza, hofu haianzii kwenye miujiza. Carrie anaweza kusogeza vitu kwa nguvu ya akili, lakini kabla nguvu hiyo haijaua mtu tumeshawaona wasichana wenzake wakimdhalilisha bafuni shuleni, na mama yake akimfungia kabatini ili atubu. Katika Pet Sematary (1983), mtoto mdogo wa daktari anagongwa na lori mbele ya nyumba yao. Ardhi inayofufua wafu ipo kule msituni, ila kinachomtetemesha msomaji ni kwamba anamwelewa yule baba, na hana hakika kama yeye mwenyewe angejizuia. King aliwahi kuishi kando ya barabara ya namna hiyo huko Orrington, jimboni Maine. Paka wa binti yake aligongwa pale, na mwanawe mdogo nusura aikimbilie barabara. Alipomaliza muswada aliuweka kando kwa kuona amevuka mpaka. Kitabu kilitoka kwa sababu mchapishaji wake wa zamani alikuwa bado anamdai kitabu kimoja.

2. "Nimeona filamu ya The Shining, inatosha."

Haitoshi. Jack Torrance wa riwaya ya 1977 ni mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kumpiga mwanafunzi, mlevi aliyeacha pombe, baba aliyewahi kumvunja mwanawe mkono kwa hasira. Pamoja na yote hayo anampenda mwanawe, na kitabu kizima ni vita kati ya upendo huo na udhaifu wake, huku hoteli ikiuchochea udhaifu. Mwishoni fahamu zinamrudia kwa dakika chache, anamwambia mtoto akimbie, kisha boila inalipuka na hoteli inateketea. Katika filamu ya Stanley Kubrick ya 1980, Jack anakufa kwa baridi kwenye bustani ya vichochoro, bila dakika hiyo ya upendo. King aliikataa tafsiri hiyo waziwazi, akilalamika kwamba Jack wa Kubrick anaonekana mwendawazimu tangu mwanzo. Filamu ina ubora wake, lakini aliyeiona hajakutana na baba yule.

3. "Kinachouzwa ni jina lake."

Dai hili lina chembe ya kweli, na King mwenyewe alilipima. Kati ya 1977 na 1984 alichapisha riwaya tano kwa jina la Richard Bachman. Kwa maelezo yake, Thinner iliuza nakala 28,000 kwa jina la Bachman, na mara kumi yake siri ilipofichuka mwaka 1985. Jina linauza, hilo halina ubishi.

Swali ni jina hilo lilitoka wapi. Kabla ya mwaka 1974 halikuwepo. Alikuwepo mwalimu wa Kiingereza wa shule ya Hampden aliyezitupa kurasa za mwanzo za Carrie, na mkewe Tabitha akaziokota kwenye pipa la taka na kumsihi aendelee. Malipo ya awali yalikuwa dola 2,500. Baadaye haki za toleo la jalada laini zikauzwa kwa dola 400,000. Waliomnunua mwalimu yule hawakuwa na jina la kuvutiwa nalo, walivutwa na kisa. Hata Bachman alifichuliwa na mwuza vitabu mmoja wa Washington aliyesoma na kuitambua sauti ya King. Mwandishi asiye na chochote isipokuwa jina hatambuliki jina lake likifichwa.

4. "Hajui kumaliza."

Hapa wapenzi wake wenyewe hugawanyika, na si bure. King huandika bila kupanga kisa mapema. Katika On Writing (2000) anaeleza kwamba huanza na hali fulani, kisha huwafuata wahusika aone watatokaje. Njia hiyo ina gharama. It ina kurasa zaidi ya 1,100, na fumbo lililojengwa kwa urefu huo likifunguliwa si rahisi limtosheleze kila mtu.

Lakini njia hiyohiyo ndiyo inayowapa wahusika uhai, na imezaa miisho isiyosahaulika. The Green Mile ilitoka mwaka 1996 kwa vijitabu sita vya kila mwezi, na vya kwanza vilikuwa madukani kabla hajamaliza vya mwisho. Hata hivyo inamalizikia pazuri: askari jela mzee anayetamani kufa, na kifo hakiji. Katika 11/22/63 (2011) alipokea pendekezo la mwanawe, mwandishi Joe Hill, akaubadili mwisho ukawa wa upole na majonzi. Mtu asiyejali miisho hafanyi hivyo.

5. "Vitabu hivi vinafundisha uovu."

Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi yanayokula watoto, wala hawakuwa wakitufunza kula watu. Walitufunza kutomfuata tusiyemjua. Hofu ya hadithini humpa msikilizaji nafasi ya kuuangalia uovu akiwa salama na kuamua atasimama upande gani. Anayesoma Carrie kwa makini hatoki akitamani kuua. Anatoka akimkumbuka mwanafunzi aliyechekwa na darasa zima, na waliokaa kimya.

King hakulichukulia jukumu hili kimzaha. Riwaya yake ya Rage, iliyotoka 1977 kwa jina la Bachman, inamhusu mwanafunzi anayeua na kulishika darasa mateka. Baada ya mauaji ya shuleni huko Kentucky mwaka 1997, aliiondoa sokoni kwa hiari yake.

6. "Si fasihi."

Mwaka 2003, King alipotunukiwa nishani ya mchango wa pekee katika fasihi ya Marekani na taasisi inayotoa tuzo za kitaifa za vitabu, mhakiki Harold Bloom aliipinga hadharani kwa maneno makali. Ningeweza kujibu kwa kutaja tuzo ya O. Henry ya 1996, aliyoipata kwa hadithi fupi iliyotoka katika jarida la The New Yorker. Lakini tuzo si hoja. Hoja ni kazi yenyewe.

Mwandishi Said Ahmed Mohamed alipomleta babu kutoka kaburini katika riwaya yake ya Babu Alipofufuka, mzimu ulimlazimisha mtu mwenye cheo ayatazame aliyoyasaliti, na kazi hiyo tunaiita fasihi bila kusita. King naye anatumia wafu na mazimwi kuuliza mambo mazito: mzazi afanye nini na msiba usiobebeka, mlevi atamlindaje mwanawe dhidi yake mwenyewe, mji mdogo unanyamaziaje maovu unayoyajua. Kumnyima heshima kwa sababu anaeleweka na mamilioni ni kuwatukana wasomaji hao.

Anayeshikilia madai haya namwomba asome vitabu viwili kabla ya kuyarudia: Misery, aone hofu isiyohitaji jini, na Pet Sematary, aone jini asiyetisha kama huzuni ya mzazi. Baada ya hapo ana haki ya kumkataa King, na nitamsikiliza, kwa sababu atakuwa anamkataa mwandishi aliyemsoma.