Dhambi Si Jinai

Ndugu msomaji, wewe uendaye kanisani hapa Ruziba kila Jumapili, je, dhambi na jinai ni kitu kimoja? Desemba 2023 Rais Ndayishimiye, ambaye ni Mkatoliki, alisema wapenzi wa jinsia moja wapelekwe uwanjani wapigwe mawe, na atakayewapiga hana hatia. Januari ya mwaka huohuo, Papa Francisko, bila kubadili mafundisho ya Kanisa kuhusu dhambi, alikuwa ametamka kwamba kuwa hivyo si jinai. Hata sheria yetu, ambayo siitetei, hutoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Imani gani hii iishindayo sheria kwa ukali? Katika Injili ya Yohana, mwanamke aliyefumaniwa aliletwa ili apigwe mawe. Yesu hakuisifu zinaa, ila hakuna jiwe lililorushwa. Na wa kwanza kuondoka walikuwa wazee.