CHAJA YA FASTA INAUA SIMU? KESI YAUNGURUMA SAME!

Mwenzenu nadunda kama kawa hapa hapa Same, mji wa upepo, vumbi na mabasi ya mikoani yanayosimama abiria wachimbe dawa halafu hao, Moshi na Arusha.

Wiki hii sina mchapo wa mapenzi. Wale wanaofungua ukurasa huu kwa ajili hiyo wanisamehe. Wiki hii nina kesi. Si mnatutania sisi Wapare kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku? Haya, leo naendesha kesi ya chaja!

Ilikuwa Februari, jua linawaka Same mpaka mabati yanalia. Chaja yangu iliyokuja na simu ikapotea katika mazingira ya kutatanisha (mdogo wangu anajijua). Nikaenda zangu stendi, nikakutana na muuzaji mmoja mwenye maneno matamu kama asali. "Hii ni wati 65, chaja ya fasta, nusu saa simu imejaa!" Bei sh. 7,000/-. Jina la kampuni kubwa limeandikwa juu, ila chaja yenyewe nyepesi kama kibiriti kilichoisha njiti. Kwa ule Upare wangu nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikalipa, nikaondoka mbio asije akabadili mawazo!

Wiki ya kwanza, raha mustarehe. Wiki ya pili, simu ikawa inachemka mpaka unaweza kupasha makande. Wiki ya tatu ikaanza visa: iko asilimia 40, ghafla inazima. Mimi wala sikushtuka. Usiku mmoja nikaichomeka, nikaisukumia chini ya mto, nikalala fofofo.

Sasa sikia. Usiku huo huo, saa tano, kule Suji milimani bibi yangu kifua kilimbana. Mama alikuwa naye. Mwenye gari akasema hawashi mpaka aone hela ya mafuta, na hela yote ya ukoo huwa inakaa kwenye simu yangu, maana ndiye "msomi" nisiyekunywa. Mama akapiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Haipatikani! Mimi niko Same nakoroma, simu imeshazima chini ya mto, betri limevimba mpaka mfuniko wa nyuma umebenuka.

Majirani ndio waliochanga usiku ule, Mungu awabariki. Bibi akateremshwa kwa zile kona mpaka Makanya kwenye lami, akafikishwa hospitali alfajiri. Mimi nilikuja kugongewa mlango na kijana wa bodaboda: "We, bibi yako yuko wodini, familia nzima inakutafuta!" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Bibi alipona, yuko ngangari. Lakini kijiweni kesi ikaanza. Wazee wa kahawa walishatoa hukumu kabla ya ushahidi: "Tulisema, hizi chaja za fasta zinaua simu! Umeme unaingia kwa kasi, lazima betri lipasuke." Mshikaji mmoja akaapa kwamba kuanzia leo atachaji kwa chaja ya kitochi tu, hata ikichukua siku mbili.

Mimi nikaibeba maiti ya simu yangu kwa fundi. Huyu kaka ana kibanda kidogo, lakini kichwani kuna kitu. Akaitazama simu, akaitazama chaja, akacheka. "Mdogo wangu, unamshitaki asiye na kosa. Kasi siyo iliyoua."

Akanipa darasa, na mimi nakupa wewe bure. Wati ni volti mara ampea. Chaja za zamani zilitoa volti 5 na ampea 1, basi ni wati 5. Chaja ya fasta inaweza kutoa volti 9 na ampea 2, hapo ni wati 18, na nyingine zinapanda zaidi. Lakini haimwagi umeme wote kama bomba lililopasuka. Ukichomeka, inaanza na volti 5 zile zile, halafu simu na chaja zinaongea. Chaja inataja ilichonacho, simu inachagua inachoweza. Zisipoelewana, zinabaki kwenye mwendo wa kinyonga.

Kwa hiyo simu ni Mpare! Hata umwingize kwenye duka lenye bidhaa za milioni kumi, atanunua kiberiti alichotumwa na kurudi na chenji. Simu ya wati 18 ukiipa chaja halisi ya wati 65 itachukua 18 zake, basi.

Tena hiyo fasta yenyewe siyo mwanzo mpaka mwisho. Fikiria Costa ya Same kwenda Moshi. Ikiwa tupu abiria wanaingia mbio mbio, kila mtu na siti yake. Ikikaribia kujaa, konda anaanza "sogea nyuma, banana kidogo", na wa mwisho anaingia taratibu na shingo imepinda. Betri ni hivyo hivyo. Mwanzoni linapokea kwa kasi, likikaribia asilimia 80 simu yenyewe inapunguza mwendo. Ndiyo maana ile asilimia 20 ya mwisho inakukera kwa kuchelewa.

"Sasa kaka, muuaji ni nani?" nikauliza.

"Washitakiwa ni wawili," akasema. "Wa kwanza JOTO. Wa pili FEKI."

Tuanze na joto. Haya mabetri ya lithiamu yaliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na wanasayansi watatu waliyoyawezesha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni mazuri kweli, ila hayapendi joto. Kampuni ya Apple inawaambia wateja wake kwamba joto la mahali likizidi nyuzi 35 betri linaweza kudhurika moja kwa moja. Sasa wewe piga picha: chumba cha bati, Same, Februari, halafu simu iko chini ya mto! Kuchaji kwa kasi kunaongeza joto kidogo, hilo fundi hakuficha, na betri lolote huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Ila watengenezaji wameshaliwekea hesabu, na simu ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe. Ukiifunika na mto umeiziba pua. Ndugu zetu wa huko juu karibu na Shengena, kilele cha mita zaidi ya 2,400, na baridi lao, wanachaji kwa raha zao. Sisi wa bondeni tutafute kivuli.

Sasa feki. Ukutani kuna volti 230, simu inataka 5 au 9. Kazi ya chaja ni kuzitenganisha hizo mbili kwa ukuta imara na kutoa umeme uliotulia. Ndani ya feki, ule ukuta ni mwembamba au umerukwa ili bei ishuke. Umeme unatoka unayumba kama mlevi wa mbege, na siku ukuta ukivunjika, si simu tu, hata wewe uliyeishika unaweza kuagwa. Fundi akaipasua chaja yangu mbele yangu. Wati 65 kitu gani! Ndani mlikuwa na vidude vitatu vinne, vimelala kama abiria wa basi la usiku.

Nikamtajia zile simu za Samsung, Galaxy Note 7, zilizokuwa zinawaka moto mwaka 2016. Akasema hata kule chunguzi za kampuni yenyewe, zilizotangazwa Januari 2017, zilikuta ubovu uko kwenye mabetri. Kasi ya kuchaji haikutiwa hatiani.

Mnakumbuka mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa Juni, TCRA walivyozima simu feki nchi nzima? Watu walilia! Lakini chaja haina namba ya IMEI, msomaji wangu. Hakuna wa kukuzimia kutoka ofisini. Wa kuizima ni wewe, kwa kutoinunua.

Basi ukienda dukani vaa miwani. Soma yale maandishi madogo: umeme unaoingia uwe volti 100 mpaka 240, na unaotoka uandikwe kwa volti na ampea, siyo neno "fasta" tupu kwa rangi nyekundu. Ipime kwa mkono, ikiwa nyepesi kama ganda la chungwa, achana nayo. Angalia na waya, maana waya wa USB-C wa kupitisha zaidi ya ampea 3 unatakiwa kuwa na kichipu chake ndani. Dai risiti. Ukichaji, weka simu mezani, vua kava kama inachemka, na usiichome mto. Betri likivimba USILIBONYEZE, usilitoboe, usilichaji hata dakika moja, peleka kwa fundi.

Hukumu: chaja ya fasta iliyo halisi, haina hatia, iachiwe huru. Feki na joto, kifungo cha maisha. Na mimi niliyependa vya bei rahisi, faini. Betri jipya na chaja halisi vimenitoka sh. 75,000/-. Ile "nafuu" ya sh. 7,000/- hiyo!

Jumapili iliyopita nilipanda Suji. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Kitochi chake kiko dirishani, kinachaji polepole kwa chaja aliyonunua nacho miaka tisa iliyopita. Akaiangalia simu yangu kubwa, akanong'ona: "Mimi sijali inajaa kwa dakika ngapi. Nikipiga usiku, ipokee."

Sikuwa na la kujibu. Nikavuta sahani ya makande, nikala kimya kimya.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Nawe ukirudi nyumbani leo, inua mto!