Vifaa tiba vijaribiwe Kasulu na Kibondo

Kwa miaka mingi kondomu iliyofungwa kwenye mpira wa mkojo ilisifiwa kuwa mkombozi wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Inaingizwa kwenye mji wa mimba, inajazwa maji, inabana mishipa. Ni rahisi, na mkunga yeyote anaweza kufundishwa. Kisha ikapimwa kwa utafiti rasmi katika hospitali 18 za Uganda, Misri na Senegal. Matokeo ya 2019 yaliwashtua wengi: baada ya kifaa kuanza kutumika, wanawake waliofariki au kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya kuvuja damu waliongezeka, kutoka takriban 7 hadi 12 katika kila uzazi 10,000. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Bila utafiti huo, hata ubishi wenyewe usingekuwapo.

Miaka minne baadaye ikaja habari njema kutoka kwenye shuka la plastiki. Shuka hilo hutandikwa chini ya mzazi, na mfuko wake una mistari inayoonyesha kiasi cha damu kilichotoka. Utafiti wa E-MOTIVE ulilijaribu, pamoja na matibabu ya haraka yanayotolewa kwa mkupuo mmoja, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Kuvuja damu kupita kiasi, pamoja na vifo na upasuaji unaotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Hospitali zilizoendelea kukadiria damu kwa macho zilikosa kutambua karibu nusu ya wagonjwa.

Mifano hii miwili inawahusu moja kwa moja watu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Kifaa hakijulikani thamani yake mpaka kijaribiwe mikononi mwa watu watakaokitumia, katika wodi kitakamotumika. Huko, hadi miaka michache iliyopita umeme wa miji hii ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Rufaa ya mgonjwa mahututi ni safari ndefu kwenda hospitali ya Maweni mjini Kigoma, au Bugando, Mwanza. Mashine ikizima, fundi wa vifaa tiba hayuko mtaa wa pili. Uchunguzi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi maskini havifanyi kazi. Vingi vilifaulu majaribio yake, lakini katika hospitali ambazo umeme haukatiki.

Hata ngozi ya mgonjwa ina la kusema. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika duniani kwa miongo kadhaa.

Tanzania inajua kufanya kazi hii vizuri. Mradi uliosimamiwa na Hospitali ya Haydom ulipeleka katika hospitali na vituo vya afya 30 vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, vya kumsaidia kupumua akizaliwa, na mazoezi ya mara kwa mara kwa wakunga. Matokeo yake yalichapishwa 2025, yakionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mikoa iliyohusika ni Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Tabora na Geita zinapakana na Kigoma. Kigoma haikuwamo.

Utasikia hoja kwamba hospitali za pembezoni haziwezi utafiti mzito. Tenwek inaikanusha. Ni hospitali ya misheni katika vilima vya Bomet, Kenya, kwenye ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Wagonjwa walikuwa wakifika wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Kuanzia 1999 madaktari wa hapo walitumia endoskopi, yaani mpira wenye kamera, kuweka mrija wa chuma unaojitanua ndani ya umio, bila mashine ya eksirei ambayo hospitali tajiri huitegemea kuongoza kazi hiyo. Walifuatilia wagonjwa wao na kuandika kila kitu. Mwaka 2009 jarida la Lancet Oncology lilichapisha taarifa zao za wagonjwa zaidi ya 900, na wengi wa waliofuatiliwa walikuwa wamerudi kula. Kwa mtu anayekufa kwa njaa huku chakula kiko mezani, hilo ni jambo kubwa mno. Kasulu nayo ina hospitali ya misheni ya Kabanga, na mkoa mzima ulifanyiwa tafiti kubwa za afya ya uzazi 2014, 2016 na 2018. Kukusanya takwimu si kazi ngeni huko.

Masharti lazima yawe makali. Mpira wa endoskopi usiposafishwa sawasawa hueneza vijidudu, na hospitali kubwa za Marekani zilipoteza wagonjwa kwa njia hiyo kabla ya 2015, seuze hospitali ambayo maji yake hukatika. Ridhaa iombwe kwa Kiha, na kwa Kirundi pale anapohusika mkimbizi kutoka Burundi. Wakimbizi walio kambini wasichaguliwe kwa sababu tu wamekusanyika mahali pamoja na ni rahisi kuwapata.

Majaribio haya huidhinishwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mwombaji akileta kifaa kinachokusudiwa kwa hospitali za wilaya, aulizwe atakijaribu katika wilaya zipi, nani atakitengeneza kikiharibika, na baada ya utafiti kitabaki wodini kwa gharama ya nani. Asiye na majibu asipewe kibali. Wabunge na madiwani wa Kasulu na Kibondo nao wasisubiri kualikwa: waombe hospitali zao ziingizwe kwenye utafiti ujao, na waombe kwa maandishi.