Herufi Moja Haitoshi

Sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba mtu akifuta kazi yake kwa kompyuta, kosa ni lake peke yake. Itazame Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Ukiiamuru git branch -d, hulifuta tawi, yaani mkondo wa kazi uliotengwa, iwapo kazi hiyo imekwisha kuunganishwa na nyingine. Kama bado, hukataa. Vizuri sana! Lakini papo hapo hukuelekeza: kama una hakika, tumia -D. Mlinzi gani huyu, anayekuzuia mlangoni huku akikupa ufunguo? Ukishazoea, huanza moja kwa moja na herufi kubwa.

Huku kwetu Ruangwa, mpogoaji wa mikorosho hukata tawi kavu bila kusita. Tawi bichi lenye maua ni habari nyingine. Mercurial hulifunga tawi tu, historia yake ikabaki. Git nayo inalo neno kamili, --force, la kuandikwa pamoja na --delete. Basi libaki hilo, -D iondolewe. Mabingwa watalalamika kwamba vidole vinachoka. Hao hao (nimewaona) hushinda kutwa wakisaka walichokifuta kwa sekunde moja.