Ziwa Mweru Halikufunguliwa na Mkoloni

Utawasikia watu wazima, tena waliosoma, wakisema kwamba kabla ya Wazungu kuja, ufuko huu wa Nchelenge ulikuwa pori tu: watu wakivua, wakila, wakilala, hadi Livingstone alipolivumbua Ziwa Mweru na mkoloni akawafungulia njia ya biashara. Ni uongo, na umefundishwa vya kutosha.

Livingstone alifika Mweru Novemba 1867 akiongozana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mwaka huohuo alikuwa amesafiri na watu wa Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip. Alipoingia kwa Mwata Kazembe, mtawala wa bonde la Luapula, alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kuishi pale miaka mingi. Uvumbuzi gani huo?

Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Mreno Lacerda alitoka Tete, akafia kwa Kazembe mwaka 1798. Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi weusi kutoka Angola, walifika 1806, wakazuiwa huko takriban miaka minne, wakatokea Tete 1811. Huko kulikuwa na shaba ya Katanga na pembe za ndovu, bidhaa ambazo Wabisa walikuwa wakizipeleka mashariki hadi zikaifikia pwani, na nguo na shanga zikarudi kwa njia hiyohiyo. Mwata ndiye aliyeamua nani apite na nani angoje. Hapo ndipo penye uzito: njia ilikuwa na mwenyewe.

Biashara ile haikuwa safi. Watu waliuzwa, na walioshiriki, wa pwani na wa bara, hawana cha kujitetea. Lakini dhambi hiyo haimpi mkoloni sifa ya kufungua kilichokuwa wazi.

Yeye alifunga. Mpaka wa 1894 ulipasua bonde la Luapula na ziwa lenyewe, ndugu wa ng'ambo wakawa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma mji wa Mwata. Ugonjwa wa malale ulipozuka, utawala wa Kampuni ya Rhodes ulihamisha vijiji vya ufukweni na kuzuia mitumbwi. Mvuvi akawa mhalifu kwenye maji ya babu yake. Kodi ya kibanda ikawasukuma vijana kwenye migodi ya Katanga, na samaki wakawafuata: wanunuzi Wagiriki wa Kasenga walizoa samaki kulisha Elisabethville, na mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi kutaga, akavuliwa hadi akakaribia kwisha kufikia miaka ya 1940. Huko ndiko kufunguliwa?

Watu wa hapa walikwisha kujibu. Mwaka 1961, katika Cha-cha-cha, kampeni ya kuukaidi ukoloni, vijana wa Luapula na Mkoa wa Kaskazini walivunja madaraja, wakaziba barabara kwa magogo, wakachoma vitambulisho vyao. Barabara zilezile tunazoambiwa tuzishukuru waliziziba, kwa kuwa ndizo zilizowaletea polisi. Na uhuru wa Zambia wa 24 Oktoba 1964 ulipokaribia, Kampuni ya Rhodes ilikuwa ingali ikidai mrabaha wake wa shaba, ikauachia kwa fidia ya pauni milioni 4, nusu yake ikitoka katika hazina ya nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inazaliwa.